King'amuzi Kiko Sebuleni, Mgonjwa Yuko Chumbani

Nyumba nyingi za mijini siku hizi zina televisheni mbili. Ile iliyonunuliwa karibuni, pana na nyembamba, imetundikwa ukutani sebuleni. Ya zamani imehamishiwa chumbani kwa wazazi, au kwa bibi ambaye miguu haimruhusu tena kukaa kwenye kochi saa nzima. Lakini king'amuzi ni kimoja, na kifurushi kinacholipiwa kila mwezi ni kimoja. Basi televisheni ya chumbani inabaki kioo cheusi, na mtu anayeihitaji kuliko wote nyumbani analala huku akisikia sauti ya taarifa ya habari ikipenya mlangoni, asione kitu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Televisheni ilipoanza Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ilipofika Tanzania Bara mwaka 1994, kila seti ilijitegemea. Ulihitaji antena tu, hata ile ya masikio mawili inayokaa juu ya seti, na mawimbi yaliyoruka angani yalikufikia sebuleni, chumbani au jikoni bila kuuliza ni seti ya ngapi. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Kenya ikakamilisha kazi hiyo mwaka 2015, mwaka ambao ndio ulikuwa ukomo uliowekwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Faida zake hazina ubishi: picha safi, na chaneli kadhaa kupita kwenye nafasi iliyokuwa ikibebwa na chaneli moja. Ila tangu hapo, kwa familia nyingi, picha inaingia nyumbani kwa mlango mmoja, kupitia kisanduku kimoja kilichowekwa sebuleni. Kutoka hapo hadi chumbani ni juu yako mwenyewe.

Televisheni yenyewe, kwa kweli, ilizaliwa kwa kupeleka picha kutoka chumba kimoja hadi cha pili. Mnamo tarehe 2 Oktoba 1925, katika vyumba vya juu vya jengo moja la mtaa wa Frith, London, Mskoti John Logie Baird alifanikiwa kuona kwenye kioo chake kichwa cha mwanasesere kilichokuwa mbele ya mtambo. Akashuka ngazi mbio, akamleta kijana mfanyakazi wa ofisi ya chini, William Taynton, akamkalisha mahali pa mwanasesere, kisha yeye akaenda kutazama chumba cha pili. Hakuona mtu. Taa zilikuwa na joto kali mno, na kijana alikuwa amerudi nyuma. Baird akampa nusu krauni ili avumilie, na safari hii uso wa binadamu ukaonekana upande wa pili wa ukuta, kwa mistari 30 tu. Miaka mia moja imepita, na kuvuka ukuta huo bado ni kazi inayowatoa watu jasho na pesa.

Ukienda kwa fundi wa Kariakoo, au kwenye maduka ya mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, ukamweleza shida yako, kifaa cha kwanza anachoweza kukuonyesha ni jozi ya visanduku vidogo vyenye antena bapa inayogeuzwa kwa mkono. Kimoja ni kirushio, kingine kipokezi. Kirushio hukaa karibu na king'amuzi na kuunganishwa kwa zile nyaya tatu tunazozijua sote: wa njano unabeba picha, mweupe na mwekundu zinabeba sauti. Kipokezi hukaa chumbani, na nyaya tatu kama hizo zinaingia kwenye televisheni. Kati yao hakuna waya. Picha inapandishwa kwenye wimbi la redio la gigahetsi 2.4, au 5.8 kwa vifaa vingine, na upande wa pili inateremshwa. Kwa kawaida kuna swichi ndogo ya kuchagua chaneli moja kati ya nne, na visanduku vyote viwili sharti viwe kwenye chaneli ile ile. Hakuna intaneti inayotumika na hakuna bando linaloliwa. Nalisema hili wazi kwa sababu wengi wanakiogopa kifaa hiki wakidhani kitawamalizia MB.

Nguvu yake ni ndogo kwa makusudi. Vingi vya aina hii vinarusha kwa takriban miliwati 10, kiasi kinachokubalika kutumika bila leseni kwenye masafa hayo katika nchi nyingi. Mita kumi tu kutoka kwenye kirushio, hata pasipo ukuta wowote, kinachofika kwenye kipokezi ni karibu sehemu moja ya milioni ya nguvu iliyotoka. Vipokezi vimeundwa kuridhika na kiasi hicho kidogo, ndiyo maana picha inaonekana. Lakini hapo ndipo unapoanza kuelewa kwa nini kila ukuta una uzito. Chukulia ukuta unaoruhusu sehemu moja ya kumi ya wimbi ipite. Kuta mbili za namna hiyo zitaacha sehemu moja ya mia, na tatu moja ya elfu. Boksi likiandikwa mita 100, hizo ni mita 100 za uwanjani, kirushio na kipokezi vikitazamana. Nyumbani kwako hazipo. Mwenye kusema neno la mwisho ni ukuta, na watengenezaji wa vifaa hivi hawajui ukuta wako umejengwa kwa nini.

Ubao wa jipsamu na mbao kavu hupitisha karibu kila kitu. Tofali la saruji la inchi sita linakata, ila kwa ukuta mmoja au miwili bado kuna matumaini. Nguzo na renta zilizosukwa nondo ni kazi ngumu zaidi, na sakafu ya zege ya ghorofa vilevile. Bati halipitishi. Kioo kirefu cha kabati la nguo, chenye rangi ya fedha mgongoni, nacho ni chuma mbele ya wimbi, na jokofu ni hivyo hivyo. Maji yanalimeza wimbi, kwa hiyo tangi lililojaa au ukuta uliolowa mvua za masika unaweza kuharibu picha iliyokuwa safi wakati wa kiangazi. Nimeona watu wakibadilisha kifaa mara kwa mara wakati kilichohitaji kuhamishwa ni kabati.

Mahali pagumu kuliko pote katika pwani yetu ni nyumba za kale. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake hufikia unene wa nusu mita. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti za mikoko zinazobeba dari, ambazo kwa kawaida hazifiki mita tatu, na kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Lamu, kutoka msana wa tini, yaani ukumbi wa mbele, hadi ndani kabisa anakolala mzee, wimbi linakutana na kuta nene zilizofuatana. Isitoshe, mawe hayo yananywa unyevu wa bahari na chumvi yake. Ukiweka kirushio sebuleni na kipokezi ndani, ukatarajia wimbi litoboe kuta zote hizo, utapata chenga tupu. Na kutoboa kwa mashine ili upitishe waya si jambo la kufanya kiholela kwenye majengo ambayo yametunzwa kwa karne nzima na zaidi, na yaliyomo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000 kwa Zanzibar na 2001 kwa Lamu.

Hata hivyo nyumba hizo zina kitu ambacho nyumba zetu za saruji hazina, nacho ni ua wa ndani. Vyumba vingi hufungua madirisha na milango kuelekea uani, hewa ipite. Hewa ikipita, wimbi nalo litapita. Sogeza kirushio hadi kwenye dirisha la sebule linalotazama ua, weka kipokezi kwenye dirisha la chumba cha mgonjwa linalotazama ua huo huo, na safari yote inakuwa ya angani, ikikatizwa na mbao za dirisha tu. Kidaka cha ukutani karibu na dirisha ni mahali pazuri pa kuweka kifaa. Njia ndefu yenye kona moja mara nyingi ni bora kuliko njia fupi ya ukuta mnene, kwa sababu wimbi la gigahetsi 2.4 hugonga kuta na kuruka. Lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na linaweza kupenya kwenye mwanya ambao kwa macho unaonekana mdogo.

Hali hiyo ndiyo unayoikuta kwenye nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, ile ya vyumba sita, vitatu kila upande, na korido katikati hadi uani. Kirushio kikikaa ndani kabisa ya chumba cha mbele, nyuma ya televisheni, kinalazimika kupambana na kila ukuta wa kugawa. Kikisogezwa karibu na mlango wa korido, wimbi linateremka koridoni na kuingia chumba cha nyuma kupitia mlango wake. Ila korido ni ya wote. Picha za vifaa hivi vya analojia hazifungwi kwa namna yoyote, hivyo mpangaji wa chumba cha tatu akiwa na kipokezi kama chako, akaweka chaneli ile ile, anaona unachoona. Kwa tamthilia hakuna ubaya. Wanaotumia vifaa vya jinsi hii kwa kamera ya kumwangalia mtoto au mgonjwa kitandani wanapaswa kulifikiria hilo kabla hawajaviwasha.

Kati ya 2.4 na 5.8, wauzaji husukuma namba kubwa. Ukweli una pande mbili. Masafa ya 2.4 yamejaa: rauta za waifai, simu zenye Bluetooth, na jiko la maikrowevu, ambalo hufanya kazi karibu na gigahetsi 2.45 na huvujisha kiasi kidogo kinachotosha kuitia picha mistari kila mtu anapopasha chakula. Kwenye 5.8 kuna utulivu zaidi. Lakini kwa antena za aina moja na umbali uleule, wimbi la 5.8 linafika likiwa na nguvu pungufu karibu mara sita, na kuta nzito huliumiza zaidi. Katika jengo la ghorofa lenye rauta kila mlango, na chumba cha mgonjwa kikiwa nyuma ya ukuta mmoja tu, ningechukua 5.8. Kwenye nyumba ya peke yake yenye kuta za tofali mbili tatu, ningebaki na 2.4 na kuihamishia rauta ya waifai chaneli nyingine.

Sasa rimoti. Rimoti ya kawaida inazungumza kwa mwanga usioonekana kwa macho, na mwanga huo hauvuki ukuta hata kidogo. Mgonjwa akishaletewa picha bila rimoti, amegeuka mtu wa kuita: "Mwanangu, njoo nibadilishie." Kwa hiyo vifaa vilivyofikiriwa vizuri vina njia ya kurudi. Kipokezi cha chumbani kina jicho linalosoma rimoti, kinaugeuza ule mwanga kuwa wimbi la redio la karibu megahetsi 433, na kirushio cha sebuleni kinaligeuza wimbi hilo tena kuwa mwanga kupitia kijicho kidogo kinachobandikwa mbele ya king'amuzi. Wimbi hilo lina urefu wa karibu sentimita 70 na huvuka kuta kwa urahisi kuliko la picha, ndiyo maana mara nyingine rimoti inafanya kazi huku picha ikiwa imejaa chenga. Uliza juu ya njia hii ya kurudi kabla hujauliza bei. Kwangu mimi ndiyo inayotofautisha kumfurahisha mgonjwa na kumpa heshima yake.

Ila king'amuzi kimoja hutoa chaneli moja kwa wakati mmoja. Babu akibonyeza chumbani, sebuleni nako kunabadilika, hata kama ni dakika ya themanini ya Simba na Yanga. Hakuna kisanduku cha kurushia kitakachomaliza hilo, kwa kuwa kinachorushwa ni kile kilichofunguliwa tu. Familia inakaa na kupanga: saa mbili usiku ni ya mzee, mpira ukiwepo anaambiwa mapema. Wasiotaka kupanga watanunua king'amuzi cha pili. Baadhi ya kampuni za televisheni za kulipia zina utaratibu wa kuunganisha ving'amuzi viwili kwenye akaunti moja kwa nyongeza ya ada, na inafaa kuuliza. Kwa wanaotosheka na chaneli za bure nchini Kenya, televisheni yenye kipokezi cha DVB-T2 ndani yake huzipata kwa antena tu, bila kisanduku chochote. Tazama nyuma ya seti au kwenye kijitabu chake kabla ya kutumia hata shilingi.

Ving'amuzi vya leo vinapendelea tundu la HDMI, na hapo hesabu inabadilika. Picha ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa 1,080. Ukiipeleka mara 60 kwa sekunde, kila nukta ikiwa na biti 24 za rangi, unapata karibu gigabiti 3 kila sekunde, mzigo ambao waifai ya kawaida ya nyumbani haiubebi. Wahandisi wamejaribu kuubeba kwa njia tofauti. Wapo waliokwenda kwenye gigahetsi 60, ambako nafasi ni tele, lakini wimbi la huko linashindwa na ukuta wa kawaida na linafaa ndani ya chumba kimoja tu. Wapo waliobuni mfumo wa WHDI, uliotangazwa rasmi mwaka 2009, unaotumia masafa ya gigahetsi 5 na kuvuka kuta bila kuchelewesha picha, ila bei yake imebaki juu. Vingi vinavyouzwa kwa bei nafuu leo hufanya jambo la tatu: vinaibana picha hadi ibaki megabiti kumi na kitu kwa sekunde, vinairusha kama waifai, kisha vinaikunjua upande wa pili.

Kubana na kukunjua kunachukua muda. Ni sehemu ya sekunde tu kwa kifaa kizuri, zaidi ya hapo kwa kibovu, na mtu akiwa chumbani peke yake hatagundua. Lakini nyumba yetu haina ukimya kiasi hicho. Goli likifungwa, sebuleni wanaruka na kupiga kelele, na aliye chumbani bado anauona mpira uko kwenye mguu wa mshambuliaji. Kwa taarifa ya habari si tatizo. Kwa mpira ni kumnyang'anya mtu ile sekunde aliyoisubiri dakika tisini. Kuna pia kinga iitwayo HDCP, iliyowekwa ndani ya HDMI kuzuia kunakili. Kifaa kisichoifuata kitakuonyesha kioo cheusi ingawa kila waya uko mahali pake, na fundi mwaminifu atakujaribishia kwa king'amuzi cha aina yako kabla hujaondoka dukani.

Ukiniuliza nimwekee nini mzee anayetazama habari na mahubiri kwenye seti ya zamani, nitasema kile cha nyaya tatu, kama king'amuzi bado kina tundu lake. Sababu yangu ni namna kinavyoshindwa. Mawimbi yakipungua, picha ya analojia inaingia chenga kidogo, sauti inakwaruza, lakini msomaji habari bado anaonekana na anaeleweka. Ya dijitali ikipungukiwa inaganda, uso unavunjika vipande vya mraba, kisha inazimika kabisa hadi mtu aje kuiwasha upya. Mgonjwa hawezi kuinuka kuiwasha.

Kuna njia moja ambayo naisihi kila familia iiache. Ving'amuzi vingine vina tundu la RF lililokusudiwa waya wa antena. Baadhi ya mafundi wa mitaani huchomeka hapo kipaza nguvu na antena ya nje, wakageuza king'amuzi kuwa kituo kidogo cha televisheni kinachosikika mtaa mzima. Kinafanya kazi, na ndiyo hatari yake. Masafa hayo ni ya vituo vyenye leseni, na kelele unayoirusha inaweza kumharibia picha jirani ambaye naye ana mgonjwa wake. Kurusha matangazo bila leseni ni kosa la kisheria Tanzania na Kenya.

Tundu hilo hilo likitumiwa kama lilivyokusudiwa ni rafiki mkubwa. Waya wa dishi wenye ubora, ule wa omu 75, unapeleka picha mita 20 au 30 hadi televisheni ya pili bila kusumbuliwa na maikrowevu wala rauta ya jirani. Waya wa HDMI wa kawaida huanza kuchoka baada ya mita kumi na kitu. Zaidi ya hapo kuna vifaa vinavyoipitisha HDMI kwenye waya wa mtandao kwa mita 50. Pamoja na yote niliyoyasema kuhusu mawimbi, penye uwezekano wa waya nitachagua waya, na anayejenga sasa hana udhuru. Kabla ya lipu, mwambie fundi umeme alaze paipu moja tupu kutoka ukuta wa televisheni ya sebuleni hadi kila chumba cha kulala, na aache kamba ndani yake ya kuvutia waya baadaye. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kutindua ukuta uliokwisha kupakwa rangi.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, lipo jaribio lisilogharimu kitu. Chukua simu mbili. Ya kwanza iwashe waifai ya kugawa kwenye masafa ya 2.4, uiweke pale pale kirushio kitakapokaa. Nenda na ya pili hadi kitandani kwa mgonjwa, uilaze mahali pa kipokezi, utazame vijiti vya waifai. Vikiwa vingi, nunua kwa moyo mweupe. Vikiwa kimoja au hakuna, hamisha simu ya kwanza hadi mlangoni, dirishani au koridoni, ujaribu tena. Fanya hivyo saa mbili usiku, majirani wamerudi na rauta zao zimewaka, milango yote ya nyumba ikiwa imefungwa kama inavyofungwa wakati wa kulala. Ukiandamana na fundi, mwombe arudie jaribio hilo kwa kifaa chenyewe kabla hujamlipa.